Ile Nne Imekwenda Wapi?

"Saba nukta nne itakuwaje saba? Hiyo nne imekwenda wapi, mwalimu? Mmeila?"

Darasa zima likaangua kicheko. Wifi yangu hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya madawati madogo kama ya watoto, daftari amelikunja kama mtu anayewinda nzi, na mbele yake mwalimu wa hesabu, kijana mpole mwenye mashati ya mikono mirefu, alikuwa anarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea ubaoni.

"Hatujaila, dada fundi. Tumeiacha tu. Iko chini ya tano."

"Mnaiacha tu! Nikiiacha mimi, mteja ananitupia gauni usoni."

"Swali halisemi habari za gauni. Linasema chumba kina urefu wa mita saba nukta nne, upana mita tatu nukta sita. Kadiria kila kipimo hadi namba nzima iliyo karibu, kisha zidisha. Saba nukta nne iko karibu na ipi? Saba au nane?"

"Ukinunua zulia la mita saba, ile nne utaifunika na nini? Na kanga yako?"

"Sina kanga, dada."

"Basi utabaki sakafu wazi!"

Mlinzi wa ghala, mtu mzima mwenye mdomo usio na kufuli, akasema kutoka nyuma, "Mwalimu, muache. Huyu ni Mama Juu. Ukimwambia hata miaka yake ataipandisha."

Jina likamganda hapo hapo. Mama Juu.

Mimi nilikuwa mlangoni na kitita cha funguo. Kazi yangu pale chuoni ni kufagia na kufunga milango, na darasa hilo la jioni la watu wazima lilikuwa likinichelewesha nyumbani. Lakini siku ile sikuharakisha mtu. Nilimwona mwalimu akichukua kalamu nyekundu, akainama juu ya daftari la wifi yangu, akachora mkasi, alama ya kosa. Nane mara nne, thelathini na mbili. Mkasi. Jibu lilikuwa saba mara nne, ishirini na nane. Wifi akautazama ule mkasi mwekundu kama mtu anayetazama mlango ukifungwa naye yuko nje.

Na kweli ulikuwa mlango.

Nieleze vizuri, maana msipojua hilo mtadhani ni mwanamke mgomvi tu. Mgomvi ni mimi. Yeye ni mke wa marehemu kaka yangu, na tunaishi ua mmoja: chumba changu, chumba chake na wanawe wawili, na chumba cha mama yangu katikati, kuta nyembamba kama karatasi ya kufungia sabuni. Pale chuo cha ufundi alikuwa anafundisha ushonaji. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye varanda, chenye vyerehani vilivyochoka na meza ndefu ya kukatia ambayo aliipigia mafuta kila mwisho wa muhula kama mtu anayempaka mtoto. Wasichana waliingia pale hawajui kutia uzi kwenye sindano, wakatoka wanashona sare za shule. Alikuwa anajua kazi. Hilo halikuwa na mjadala.

Mjadala aliuleta mkuu wa chuo. Alitukusanya wote varandani, hata sisi wa mafagio, akasema kwamba ikipita miaka mitatu kila anayefundisha lazima awe amefaulu hesabu kwenye mtihani wa sekondari. Asiye nao atakabidhi funguo za chumba chake. Akakohoa. Akaongeza kwamba yeye binafsi inamuuma. Wakubwa wakiumwa hivyo, ujue wewe ndiye utakayelazwa.

Wifi alikuwa na cheti cha sekondari, chenye masomo yote isipokuwa hesabu. Hesabu alikuwa amepata sifuri ya duara kamili. Akajiandikisha arudie mtihani. Akaanguka. Akarudia tena, akaanguka tena, safari hii kwa alama chache, na kuanguka karibu na mstari kunauma kuliko kuanguka mbali. Ikabaki nafasi moja kabla ya miaka hiyo kwisha. Nyuma ya nafasi hiyo kulikuwa na kodi ya chumba, karo ya watoto, na ile meza iliyopakwa mafuta.

Shida yake haikuwa ujinga. Shida yake ilikuwa mkono. Mkono wa fundi umefundishwa kitu kimoja tangu siku ya kwanza: kitambaa kikizidi utakipunguza, kikipungua hakirudi. Ukipima kiuno sitini na nane na kidogo, ile kidogo haitupwi, inapanda. Sitini na tisa. Halafu unaongeza nafasi ya mtu kupumua, na nafasi ya kukaa, na ya mshono. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Sasa akiona nukta kwenye karatasi, mkono unapanda wenyewe, kama goti linavyoruka likigongwa.

"Katika kazi yako uko sahihi kabisa," mwalimu alimwambia baada ya wengine kuondoka. Alivuta kidawati akaketi, magoti yakamfika kidevuni. "Ukinunua kitambaa, panda. Mabasi ya kubebea watu, panda, huwezi kumwacha mtu nusu barabarani. Lakini mtihani ukisema namba iliyo karibu, wanataka iliyo karibu. Hawakuulizi usalama. Soma swali, dada fundi. Wewe unajibu kabla hujaulizwa."

"Nimezoea."

"Najua. Zoea kingine."

Basi akaamua kuzoea kingine. Akamuua yule fundi ndani yake ili mwanafunzi apone.

Alianza na wimbo. Alfajiri akiwasha jiko: chini ya tano tupa, tano kwenda juu pandisha. Akifua: chini ya tano tupa. Akipima unga wa uji, akimsuka binti yake: chini ya tano tupa. Alipima kitanda, dirisha, mlango wa choo, akaandika nukta, akakadiria. Watoto wakawa wanamkimbia maana akiwashika tu anawapima. Mama yangu, ambaye kitanda chake kimeegemea ukuta wa chumba cha wifi, alisema asubuhi moja, "Huyu mkwe wangu ameingiwa na jini la kutupa vitu."

"Ni hesabu, mama."

"Hesabu gani ya kutupa? Sisi tulifundishwa kukusanya."

Mama ndiye aliyemletea mzigo wa pili, bila kujua kwamba ni mzigo. Kaka yangu, mwaka ule kabla hajafa, alimnunulia mama kitambaa cha buluu, kizito, chenye maua madogo ya dhahabu. Mama hakukishona. Alikiweka sandukuni na vipande vya sabuni, kila mwaka anakitoa, anakikunjua, anakikunja. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari alisema hakuna la kufanya ila kumshukuru Mungu kwa yaliyobaki. Siku hiyo mama akakitoa kitambaa akampelekea mkwewe.

"Nishonee gauni. Nataka nilivae nikiwa bado naiona rangi yake."

Wifi alikipokea kwa mikono miwili. Akampima mama pale pale, kwa tepu yake ya siku zote, ile ya kitambaa iliyokuwa ikimning'inia shingoni hata akienda sokoni. Na kwa kuwa alikuwa kwenye mazoezi, hakupandisha. Aliandika kama alivyoona: nyonga, mia moja na tano nukta nne. Alijisikia fahari. "Umeona, wifi? Nimeiacha nukta yangu mahali pake."

"Mwache na mama apumue basi," nikamwambia, maana alikuwa bado amemkaza.

Wiki hiyo hiyo mwalimu akaingia na somo jipya, makosa ya vipimo. Akasema hakuna kipimo kisicho na kosa. Ukisema kitu kina sentimita arobaini na sita, ukweli uko mahali fulani kati ya arobaini na tano na nusu na arobaini na sita na nusu, na huwezi kujua ni wapi hasa. Wifi akakunja uso. Kwa fundi, maneno hayo ni matusi.

"Tujaribu," mwalimu akasema. "Kila mtu apime upana wa meza yangu kwa kifaa chake."

Mlinzi alipima kwa rula ya mtoto wake, akaihamisha mara nyingi, akapata mita moja na ziada ya vidole viwili. Muuza mikate alipima kwa kamba. Wifi akavua tepu shingoni, akaitandaza juu ya meza kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni, akasoma: tisini na nane nukta tano.

Mwalimu akaleta rula ndefu ya chuma kutoka karakana ya useremala. Meza ilikuwa mita moja kamili.

"Chuma chenu kimepinda," wifi akasema.

Mwalimu hakubisha. Alilaza tepu juu ya chuma, sifuri kwa sifuri, akainyoosha. Pale chuma kiliposema mia moja, tepu ilisema tisini na nane na nusu. Watu wakasogea kutazama. Kweli tepu ilikuwa imevutika. Miaka ya kuvutwa kwenye viuno vya watu ilikuwa imeirefusha, alama zimeachana, kwa hiyo kila ilichopima ilikisema ni kifupi kuliko kilivyo.

"Mama Juu!" mlinzi akapiga kelele. "Kumbe tepu yako ni Baba Chini!"

Walicheka mpaka muuza mikate akafuta machozi. Wifi alikuwa bado ameshika ncha ya tepu.

"Nimewashonea watu na tepu hii miaka yote," akasema. "Hakuna aliyetoka uchi."

"Ndiyo," mwalimu akasema kwa upole, "kwa sababu unapimia hiyo na unakatia hiyo hiyo. Kosa linakwenda na kurudi, linajifuta. Hatari ni kupimia hii na kukatia nyingine."

Maneno hayo niliyasikia mimi niliyekuwa nashika ufagio. Yeye hakuyasikia. Mtu akidhalilishwa masikio huziba. Kesho yake akanunua tepu mpya, ya plastiki ngumu, ya manjano, akaitupa ile ya zamani chini ya vitambaa vya taka. Tangu hapo akawa anatembea shingo tupu hadi tulipozoea, kama mtu aliyenyoa ndevu.

Mtihani ulikuwa unakaribia. Mwalimu akawapa jaribio la mwisho. Wifi alipata alama za kufanana na zile za mwaka uliopita, chini kidogo ya mstari. Aliniita nikamkuta chumbani kwake chuoni, ameketi sakafuni chini ya meza ya kukatia, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Toka huko, utajipaka mafuta."

"Wifi, sitaweza."

"Toka kwanza, halafu usiweze ukiwa umesimama."

Hakutoka. "Nikifika kwenye nukta nasimama. Najiambia, tupa. Halafu nasikia kama nakata kitambaa cha mtu. Nafuta. Napandisha. Nafuta tena. Muda unaisha." Akaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza. "Watoto wataacha shule. Nitakwenda kushona viraka kizingitini kwa watu."

Nikakaa naye huko chini. Tulikaa mpaka nikasikia mkuu wa chuo akipita varandani akiuliza aliye na funguo ni nani.

Baada ya hapo akazidisha. Hakula vizuri, na akili yake ikawa haina kazi ila kutupa. Ndipo akaamua kukata gauni la mama, apumzishe kichwa, akasema. Kukata ndiyo starehe yake. Nilimwona akitandaza ile buluu mezani, kitambaa chote, hakikuwa na ziada hata ya leso.

Nitawaeleza alivyokikata, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye huku akijipiga kifuani. Nyonga mia moja na tano nukta nne. Chini ya tano, tupa: mia moja na tano. Gauni lilikuwa la vipande vinne, mbele viwili, nyuma viwili, basi akagawa kwa nne: ishirini na sita nukta mbili tano. Chini ya tano, tupa: ishirini na sita. Akaachia mshono. Ile nafasi ya kukaa, ambayo mkono wake haujawahi kuisahau tangu akiwa msichana, akaisahau, maana kwenye mtihani hakuna anayekaa. Na alikatia tepu mpya ya manjano vipimo vilivyochukuliwa na ile iliyovutika. Haba na haba hujaza kibaba, tunasema. Hatusemi kwamba haba na haba pia hukikomba.

Alilishona vizuri sana. Mshono wake ulikuwa umenyooka kama ahadi ya mchumba. Akalileta nyumbani siku mama alipokwenda kliniki, akalijaribisha kwangu kwanza, na mimi ni mwembamba kama mwiko, likashuka. Halafu, kwa mazoea tu, akachukua tepu mpya, akapima kitanda ambacho alikuwa amekipima kwa ile ya zamani, akaona namba nyingine. Akasimama.

Akapima gauni nyongani. Mia moja na nne. Akachimbua tepu ya zamani kwenye taka, akailaza juu ya mpya. Nyonga ya mama haikuwa mia moja na tano nukta nne. Ilikuwa mia moja na saba.

"Sentimita tatu," akasema. "Wifi, halitapita. Litamkwama hapa." Akajishika. "Na kitambaa hakuna. Hata dukani hakipo, ni cha zamani. Ni cha kaka yako."

Hilo ndilo lililomvunja. Siyo mtihani. Aliwahi kunikopesha kila kitu katika maisha, chumvi, jiko, hata viatu vya msibani, na hakuwahi kudaiwa na mtu. Sasa alikuwa anadaiwa na kikongwe nusu kipofu kitambaa cha marehemu, na hakuna duka linalouza deni hilo.

Akaliviringisha gauni kwenye mfuko wa plastiki, akalisukuma chini ya kitanda. Kuanzia hapo kila asubuhi sauti ikawa inapita ukutani:

"Mkwe wangu, gauni langu vipi?"

"Vifungo bado, mama."

"Vifungo vinachimbwa?"

"Vinakuja, mama."

Na wimbo ukakoma. Nyumba ikawa kimya hadi nikautamani ule ujinga wa kutupa.

Kabla ya mtihani akaniambia haendi. Alikuwa anakunja nguo za watoto, taratibu, pindo kwa pindo.

"Nimepoteza mikono yote miwili, wifi. Hesabu sijui, na kushona sijui tena. Nikienda kule nitafanya nini? Kuwachekesha?"

"Utakaa kwenye kiti. Umekilipia."

"Usinicheke."

"Nani anacheka? Sikiliza wewe. Umeharibu gauni kwa kuitii ile sheria bila kuuliza iko kazini kwa nani. Sasa unataka kuharibu na mtihani kwa sababu hiyo hiyo? Gauni limeharibika kwa sababu hukuiacha sheria ya karatasi kwenye karatasi. Basi ipeleke kwenye karatasi. Huko ndiko kwake!"

Akaacha kukunja.

"Umemsikiliza mwalimu kuliko mimi," akasema.

"Nilikuwa nangoja mfunge darasa nikapike."

Akaenda. Nilimsindikiza mpaka getini, amevaa sketi iliyompwaya, penseli tatu mkononi kama anakwenda kuchoma mishikaki. Alipotoka alikuwa na midomo mikavu. Nilimwuliza swali moja tu, kama kulikuwa na nukta.

"Zilikuwepo."

"Ukazifanyaje?"

"Nilisoma swali. Moja lilikuwa la mabati ya kuezeka. Nikapandisha. Mengine nikatupa." Akatembea kidogo. "Sijui. Kuna ukurasa mzima nimeuacha mweupe."

Hakuzungumza tena juu ya mtihani. Miezi ile ya kungoja matokeo alikuwa anahamisha vitu vyake kutoka chuoni kidogo kidogo, leo mkasi, kesho kibweta cha sindano, ili siku ya kukabidhi funguo asionekane anahama. Mafuta ya meza hakuyanunua. Mimi nilipofagia chumba kile nilikuwa nafagia haraka.

Mama naye akaacha kuuliza. Hilo lilikuwa baya zaidi. Ulikuwa unamsikia ukutani anageuka kitandani, hasemi. Wifi akawa anampelekea chai anakimbia, kama anaiacha kwa mbwa mkali.

Matokeo yalibandikwa ubao wa matangazo wa shule waliyofanyia mtihani. Alikataa kwenda. Alikwenda mwalimu, akaja mpaka uani kwetu shati limemlowa jasho mgongoni. Wifi alikuwa anaosha sufuria.

"Dada fundi."

"Sema nikiwa nimeinama, mwalimu. Nikinyanyuka nitaanguka."

"Umefaulu."

Hakunyanyuka. Aliendelea kusugua sufuria, sehemu moja, mduara, mduara.

"Kwa alama gani?"

"Ile ya chini kabisa. Hakuna ya chini ya hiyo." Kijana akacheka, halafu akajizuia, halafu akashindwa. "Mimi nadhani ulikosa nusu alama ukafika kwenye nukta tano, wakakupandisha."

Nilidhani atacheka. Akaketi chini penye maji machafu, akashika uso kwa mikono yenye masizi, akalia kilio cha sauti kubwa ambacho hakukilia hata tulipomzika kaka. Watoto wakatoka mbio. Majirani wakachungulia juu ya ukuta. Nikawaambia hapa hakuna msiba, warudi kwenye sufuria zao.

"Nini huko?" mama akauliza kutoka ndani.

"Mkweo amefaulu, mama!"

"Sasa analia nini?"

Ndipo wifi akanyanyuka. Akaingia chumbani kwake, nikasikia mfuko wa plastiki ukiburuzwa. Alipita mbele yangu na mwalimu kama hatupo, na masizi usoni, akapiga magoti kando ya kitanda cha mama. Nilimfuata. Sikuwa nafagia kitu, nilimfuata tu.

"Mama, gauni lako nimeliharibu."

Mama hakugeuka. "Nilidhani utasubiri nife kwanza. Vifungo gani vinashonwa muda wote huu?"

"Nilikata vibaya. Nilichanganya tepu, nikatupa nukta. Kitambaa cha mwanao, mama. Nimekitafuta kila duka. Sina cha kukulipa."

"Limepungua kiasi gani?"

"Sentimita tatu."

Mama akanyoosha mkono, akalipapasa gauni, pindo, shingo, mshono wa ubavuni. Vidole vyake vilikwenda polepole.

"Tatu," akasema. "Hiyo iko juu ya tano au chini?"

Wifi alinitazama kama anataka nimtafsirie.

"Chini, mama."

"Basi unanililia nini? Uliniimbia ukutani mpaka kuku wakajua. Chini ya tano tupa, chini ya tano tupa. Leo imefika zamu yangu unataka kunibadilishia wimbo? Tupa."

"Mama, ile ni hesabu. Hili ni deni."

"Mdai ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mwanangu alininunulia mimi, hakukununulia wewe. Mdai amesema tupa." Akamsukumia gauni mapajani. "Fumua ubavuni, huku na huku, utie kipande kingine. Rangi yoyote. Buluu bado naiona kidogo, hizo nyingine watazitazama wenyewe."

Wifi akafuta uso kwa kiganja, masizi yakaenea hadi sikioni. "Niweke kipande cha upana gani, mama?"

"Wewe si ndiye Mama Juu? Unaniuliza mimi?"

Akafumua jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado uani. Alichukua chaki na tepu ya manjano, akampima mama upya. Zilihitajika tatu. Nilimwona akiinama juu ya kitambaa cheupe cha mapazia, akapima tatu, akatazama, akaweka alama kwenye saba.

Linampwaya mama hadi leo.